Shangazi Aliyekataa Gari la Nyuzi Tupu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkuu wa Idara ya Bodi za Magari katika kiwanda chetu cha magari mepesi ya spoti anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini Juni. Cheo chake kimeandikwa mlangoni, lakini hakuna anayekitumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, sote tunamwita Shangazi.

Wasifu wa kuagana una tabia ya kusema uongo. Ukiusoma utadhani kila mstaafu aliamka akitabasamu na hakuwahi kugombana na mtu. Huu hautafanya hivyo, maana mwenyewe angeturudishia. Shangazi aligombana. Aligombana na stoo kwa sababu ya glavu, na uongozi kwa sababu ya feni za kunyonya vumbi, na sisi wa ofisi ya ubunifu kwa sababu ya karibu kila kitu. Sehemu kubwa ya ugomvi huo ndiyo tunayoishukuru leo.

Alianza kazi akiwa mhandisi kijana, mwanamke pekee katika karakana ya bati, enzi ambazo bodi nzima ilikuwa ya alumini na ilinyooshwa kwa nyundo. Mafundi walimkaribisha kwa kumfichia kiti. Yeye akapanda juu ya meza ya fundi mmoja wa rika lake, akawa anakula chakula chake hapo hapo kila mchana mpaka kiti kikaonekana. Fundi huyo, tunayemwita Nyundo, hadi leo anakisimulia kisa hicho kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda.

Ni Shangazi pia aliyekuwa wa kwanza kiwandani kuzungumzia nyuzi za kaboni. Alizisifu mpaka zikatuchosha: kitambaa cheusi kinacholoweshwa gundi, kikalazwa ndani ya kalibu yenye umbo la kipande kinachotakiwa, kikaokwa tanurini, kikatoka kigumu ajabu na chepesi kama sinia la plastiki. Hakishiki kutu. Boneti yake unaibeba kwa mkono mmoja huku unapiga simu kwa mwingine. Miaka nenda miaka rudi aliomba tanuri, na miaka nenda miaka rudi akaambiwa asubiri.

Hatimaye tanuri likaja, likiwa limefuatana na uamuzi wa mkurugenzi: gari jipya liwe la nyuzi tupu, kuanzia boneti hadi mlango wa buti, na karakana ya bati ifungwe. Kama hakuna bati, wa nini mtu wa kunyoosha bati? Kilichobaki ni sahihi ya Shangazi tu. Ndoto ya maisha yake ilikuwa mezani, na kazi za watu aliozeeka nao zilikuwa kwenye meza hiyo hiyo. Nyundo alikwenda akasimama mlangoni kwake, kofia mkononi. "Shangazi, tufungashe?" Akajibiwa, "Fungasha maneno, mzee wangu. Vifaa viache vilipo. Mimi sijapima."

Kupima kwake ndiko kulikotutoa jasho. Boneti ya kwanza ilitoka tanurini nyepesi kama unyoya. Tukapiga makofi, tukapiga na picha. Yeye akaipeleka kwa wapaka rangi. Nao, kwa kutaka ing'ae kama kioo, wakaziba kwa puti kila kitundu kilichoachwa na kalibu, wakasugua, wakapaka, wakasugua tena, wakapaka tena. Iliporudi kwenye mizani ilikuwa inaifukuzia ile ya alumini kwa uzito. Mkuu wa rangi akajitetea kwamba yeye aliambiwa gari lipendeze, hakuambiwa likonde. Kalibu ikabidi ing'arishwe upya ili vitundu vipungue, na tangu hapo ukawa ndio utaratibu wa kiwanda: kila kipande kinapimwa kikiwa kimeshapakwa rangi, na bawaba zake na skrubu zake, kama kitakavyoingia barabarani. Kupima kabla ya hapo, alisema, ni sawa na mtu anayepanda mizani kabla ya kula halafu akajisifu kwa majirani.

Ikaja zamu ya milango. Alisimamisha wa nyuzi na wa alumini, akausukumia kila mmoja kigari cha kubebea mizigo, kwa mwendo ule ule ambao watu wa stoo hugongea vitu kila siku bila kukiri. Wa alumini ukabonyea, ukawa aibu tupu. Wa nyuzi ukabaki safi, hauna hata mkwaruzo. Sisi wa ubunifu tukashangilia kama waliobeba kombe. Ndipo akatoa sarafu mfukoni, akainamisha sikio, akaanza kuugonga mlango wetu taratibu. Ulilia vizuri, ukalia vizuri, halafu mahali pamoja sauti ikafa. Ndani, matabaka yalikuwa yameachana. Akatupa sarafu tugonge wenyewe, asije mtu akasema ni masikio ya uzee. Tuligonga. Ikafa pale pale.

"Uliobonyea unakwambia umeumia," alisema. "Huu unakuchekea, na kumbe umevunjika." Boneti, paa na mlango wa buti akavipitisha viwe vya nyuzi, hasa paa, maana gari lililo jepesi juu hutulia kwenye kona. Milango, na madigadi yanayofunika magurudumu, akaviacha vya alumini. Akatia sahihi hivyo, na ndoto yake akaikata vipande viwili kwa mkono wake mwenyewe.

Wapo wanaonong'ona kwamba aliwaonea mafundi huruma. Hawamjui. Kama milango ya nyuzi ingefaa, angewaambia Nyundo na wenzake machoni, kisha angewafokea wakubwa mpaka wawafundishe kazi nyingine. Wapo pia wanaodai aliogopa mambo mapya. Aliogopa! Mtu aliyelilia tanuri kabla wengi wao hawajajua kushika bisibisi! Zama zetu zina ugonjwa wa kukiita kitu maendeleo kabla ya kukigonga kikasikika. Yeye alikuwa na ujasiri wa kukipenda kitu na bado akakigonga. Sisi wa ubunifu tunaamini mpaka leo kwamba madigadi yangeweza kuwa ya nyuzi, na tutamfuata hadi nyumbani kumwambia. Juu ya milango alikuwa sahihi, na tunaliandika hapa asije mtu akaligeuza baadaye.

Huko nyumbani mambo ni yale yale. Mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, anasema Shangazi hanunui beseni wala tikitimaji bila kuligonga, na kwamba yeye mwenyewe halali mchana karibu naye, asije akagongwa kichwa kikasikika kitupu. Binti yao ni daktari wa meno, kwa hiyo naye anagonga. Damu nzito kuliko maji.

Tunamshukuru kwa mengi. Kwa feni za kunyonya vumbi, ambazo bila hizo alikataa kipande chochote kikatwe, kwa kuwa vumbi la nyuzi likishaingia kifuani halina mlango wa kutokea. Kwa kutufokea mbele ya watu na kututetea kwa wakubwa tusipokuwapo. Kwa kutulazimisha kubishana kwa vitu vilivyo mkononi, si kwa sauti.

Shangazi, kesho asubuhi, wewe ukiwa bado kitandani, karakana ya bati itafunguliwa kama kawaida. Nyundo na wenzake wana milango ya gari jipya ya kumalizia. Utazisikia kelele zao kila ukipita barabara ya nyuma. Hatuna shukrani nyingine inayozidi hizo. Pumzika sasa, uwe na afya, na maisha yawe mema kwako na kwa wote walio nyumbani mwako.