Meseji Alizosomewa Mama Cherehani

Marehemu, aliyejulikana mtaani kama Mama Cherehani, alizaliwa tarehe 4 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa mpiga pasi na muuza mkaa. Shule aliionja miezi michache tu. Mdogo wake wa kike alipozaliwa, alitolewa darasani ili amlee, na huyo mdogo ndiye akasoma hadi akahitimu.

Mwaka 1981 aliolewa na fundi saa, aliyemtangulia mwaka 2006. Walijaliwa binti mmoja. Alishona sare za wanafunzi kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Tarakimu alizijua kwa futi kamba. Herufi zilimpiga chenga.

Mwaka 2008 binti aliolewa bila radhi ya mama. Wakarushiana maneno, binti akaondoka. Mdogo wa marehemu akahamia chumba alichokiacha binti, akawa ndiye anayesoma meseji za dada yake na kuzijibu. Binti aliandika: "Mama nimekosa, naomba nije." Mama mdogo akasoma kwa sauti: "Anasema usimtafute tena, dada." Marehemu akalia, akasema, "Mwandikie mlango uko wazi." Kilichoandikwa ni: "Usije. Wala usipige." Jamani, kisa chumba!

Mwaka 2014 alijiunga na kisomo cha watu wazima. Meseji ya kwanza kuisoma peke yake ilikuwa tangazo la kampuni ya simu, naye akaijibu: "Asante mwanangu, ubarikiwe." Alipoelezwa, alicheka hadi machozi. Kisha akazirudia za zamani, za binti na majibu yake, maana hakuwahi kujua kufuta. Jioni akamwita mdogo wake.

"Nimekubeba mgongoni wewe. Mgongo huu huu."

Akamwambia afungashe, kisha akamwandikia binti yeye mwenyewe: "Njoo." Kesho yake binti alifika na watoto wawili ambao bibi yao hakuwahi kuwaona, mkubwa ameshaanza kung'oka meno ya mbele.

Mwaka 2017 aligundulika na saratani ya titi. Mdogo wake alituma meseji ya kuomba radhi. Marehemu aliisoma mwenyewe, polepole, akasema, "Aje aniambie ana kwa ana. Mlango anaujua." Hakuja. Mama alifariki alfajiri ya tarehe 19 Juni 2018, binti akiwa amemshika mkono. Kinyongo ameondoka nacho, na alituagiza tusikipambe.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili, na mdogo wake wa kike, aliyetutumia pole leo asubuhi kwa meseji. Hatutaisoma.

Mama Cherehani alale salama, apumzike kwa amani.