Roketi Ambayo Hadassa Aliiacha Izame

Mheshimiwa Diwani wa Anderlecht. Mkurugenzi wetu, Papa Guylain. Maman Berthe, mzazi wa Hadassa. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi wenzangu wa karakana, habari za jioni.

Mimi ni Nadia, msomaji wa vipimo vya injini. Nimeombwa nimuage Hadassa, msimamizi wetu wa safari za roketi, anayehamia kituo cha kurushia roketi ng'ambo.

Wageni wetu, roketi nyingi hutumika mara moja tu, zikaishia baharini. Yetu hurudi, hutua kwa miguu yake, hujazwa mafuta na kuruka tena. Ndiyo maana hata chuo chenye mfuko mdogo kinaweza kutuma satelaiti yake kupitia kwetu. Lakini unafuu huo wote unategemea jambo moja: roketi lazima irudi. Na mwaka juzi tulikuwa nayo moja tu.

Siku moja mwaka huo, wafadhili walikuwa wameketi nyuma yetu katika chumba cha kuongozea roketi. Roketi ilikuwa inashuka kuelekea jukwaa letu linaloelea baharini, mara tukaarifiwa kwamba boti iliyolivuta jukwaa hilo imezimika injini karibu nalo, na mabaharia wamo ndani. Papo hapo nikaona injini moja ya roketi inayumba. Nikamwambia Hadassa kwamba inaweza kulikosa jukwaa na kuiangukia boti.

"Attends, ngoja, Hadassa," alisema Papa Guylain. "Bateau, ile boti, iko mbali kidogo. Roketi itatua."

"Papa, mule kuko batu."

"Na roketi? Hatuna ingine!"

"Najua, papa."

Hadassa akabonyeza kitufe cha kuigeuza. Roketi ikageuka, ikaangukia bahari tupu, ikazama.

Je, ingetua salama? Nimevipitia vipimo vile tena na tena, na sijui. Hadassa naye hajui. Ninyi mngeamua nini, jasho lenu la miaka likiwa angani na wenye fedha wakiwatazama mgongoni?

Wafadhili wawili walijitoa. Baadhi ya wenzetu walipoteza kazi, na wengine wao hawakumsalimia Hadassa tena. Kisha nahodha wa boti ile, Lucien, akaja hapa na mabaharia wake, akasimama mlangoni akiuliza Hadassa ni yupi. Hadassa akawatembeza karakana nzima akitabasamu. Walipoondoka, akaingia stoo akalia. Nikamfuata.

"Nalilia roketi yangu, Nadia," aliniambia. "Uniache kwanza."

Papa Guylain, nawe nikusifu mbele ya watu: ulinuna, tena sana, lakini wafadhili waliobaki walipotaka Hadassa afukuzwe, ulikataa. Tukaunda ya pili. Mwezi uliopita ilitua, Hadassa mwenyewe akiisimamia.

Kuanzia Jumatatu, kazi hiyo ya Hadassa ni yako, Imani. Utatuona sote tumekutolea macho, na pengine mmoja wetu atakuambia ungoje. Ukiona kuna watu chini, usitungoje.

Hadassa, nenda salama. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.