Mama Ryan na Injini Iliyokosa Pumzi

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Peres Odero atavua ovaroli ya kituo chetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi. Kwenye mafaili ya ofisi yeye ni Fundi Mkuu wa Magari, Kituo cha Rehema cha Wagonjwa wa Figo, mtaa wa Satellite. Kwetu sisi ni Mama Ryan, na hata mgonjwa anayefika kwa mara ya kwanza humwita hivyo kabla hajajua anafanya kazi gani.

Ufundi aliuanza akiwa msichana, katika gereji za Kirinyaga Road, katikati ya jiji. Wateja walikuwa wakiuliza fundi yuko wapi huku yeye amelala chini ya gari lao. Alipojiunga nasi, kituo kilikuwa na gari moja ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Leo tuna magari matatu ya wagonjwa, na kila dereva aliyepita hapa amefundishwa kusikiliza injini kwanza, redio baadaye. Mama Ryan huimba nyimbo za kwaya akifanya kazi. Anaziimba vibaya, na anajua. Akinyamaza tu, sote tunageuka kumtazama.

Mwezi Julai mwaka huu aliacha kuimba asubuhi nzima. Wanakamati wa sherehe ya kumuaga waliniomba niandike habari za miaka yake yote. Mimi, Debra Waringa, nilikuwa muuguzi wa zamu siku hiyo, na naona asubuhi ile moja inamweleza vizuri kuliko orodha ndefu ya sifa.

Ilikuwa siku ya maandamano. Barabara nyingi za kuingia mjini zilikuwa zimefungwa, teksi hazikupatikana, na maduka ya spea yote yalikuwa yamefungwa. Magari yetu mawili yalikuwa yamekwama upande wa pili wa jiji. Lililobaki lilitakiwa kumpeleka Nyakio hospitalini Parklands kusafishwa damu, maana kituo chetu hakina mashine ya kazi hiyo. Nyakio ni mwalimu wa chekechea na mama wa mapacha. Alikuwa tayari amekosa zamu yake ya awali kwa sababu barabara zilezile zilifungwa siku hiyo pia. Miguu ilikuwa imemvimba, na mapigo ya moyo wake yalikuwa yanaruka. Nilipopiga simu hospitalini, daktari aliniambia mashine ingesubiri hadi saa sita mchana. Akaongeza, "Sister, huyo leo asikose," akakata.

Dereva wetu, Maina, aliwasha gari na ua mzima ukajaa moshi wa samawati. Oili ilikuwa inadondoka chini ya injini, na kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeruka nje ya tundu lake kana kwamba mtu amekisukuma kutoka ndani.

Mama Ryan hakugusa kitu mara moja. Aliniomba glavu moja ya mpira, akafungua kifuniko cha kutilia oili na kulivalisha lile tundu glavu. Injini ikiunguruma, glavu ilijaa hewa ikasimama wima, vidole vitano vikielekea juu.

"Imekosa pumzi," akasema.

Alitueleza upesi. Injini hujaa hewa chafu ndani yake, na hewa hiyo ina njia ya kutokea. Baridi ya Julai pamoja na safari fupi fupi, za hapa hadi Dagoretti Corner na kurudi, hufanya unyevu uchanganyike na oili mpaka inakuwa ute mzito kama uji uliolala. Ute huo ulikuwa umeziba njia. Hewa ikikosa pa kutokea husukuma oili nje kupitia kila upenyo.

"Si twende tu hivyo, Mama Ryan?" Maina akasihi. "Moshi ni moshi tu. Nitaendesha polepole."

"Hiyo oili inaangukia ekzosi, Maina. Ikishika moto na Nyakio amelazwa huko nyuma, utamtoaje?"

"Na akibaki hapa?"

Mama Ryan alichomoa ufunguo na kuutia mfukoni.

Kwa utaratibu, kazi hiyo hutaka bomba kubwa la kuingiza hewa lifunguliwe, maana kidude kinachotenganisha oili na hewa kimejificha nyuma yake. Ni kazi ya kutwa, na hutaka gasketi mpya ambayo siku ile isingepatikana popote. Mama Ryan aliamua kufungua sanduku la kichujio cha hewa tu, kisha apitishe mkono kwenye nafasi iliyobaki. Alichoogopa ni kimoja, naye alinieleza waziwazi: akiusukuma ule ute kwenda ndani, ungeshuka hadi chini na kuziba mdomo wa pampu ya oili. Injini ingejifunga tukiwa njiani.

"Lazima utoke, usiingie," alisema. "Nahitaji kitu chembamba cha kunyonya."

Nikakumbuka tuna mirija laini ya kulishia wagonjwa, na bomba kubwa la sindano linaloendana nayo. Alivitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Leta yote."

Alitenganisha nyaya za betri, akasubiri injini ipoe, akaanza. Alipovuta mpira ambao injini hupumulia, ulikatika mkononi mwake kama biskuti. Niliona akifumba macho. Maina, ambaye mpaka hapo alikuwa amenuna, akaondoka mbio. Alirudi ameshika mpira wa mtungi wa gesi wa jikoni, nyuma yake mpishi akimfokea. Mama Ryan aliupima kwa kidole, akasema unaweza kuvumilia safari moja. Ndiyo maana siku ile wafanyakazi wote tulikosa chai, na mpishi hajasahau.

Aliingiza mrija taratibu, akamimina mafuta ya taa kidogo kidogo, akaacha yalainishe uchafu, kisha akavuta. Bomba la sindano lilijaa ute wa rangi ya maziwa na chai. Akamwaga, akarudia. Alifungua nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, akazitanua ncha kama brashi na kusugua ndani ya njia, kila mara akivuta kuja kwake. Mimi nilikuwa nakimbia kati ya injini na kitanda cha Nyakio. Mara moja nilimkuta amejishika kifua.

"Sister, sitaki kumharakisha mama wa watu," aliniambia kwa sauti ndogo. "Lakini huu moyo unanitisha."

Nilipomfikishia Mama Ryan maneno hayo, mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kwa mwendo uleule.

Yeye na Maina walimwaga oili yote ya zamani pamoja na uchafu uliokuwa umedondokea ndani, wakatia mpya, wakafunga ule mpira wa gesi kwa waya na kurudisha nyaya za betri. Ufunguo ukatoka mfukoni. Glavu ikarudi mahali pake. Maina akawasha.

Glavu ikainuka tena. Safari hii kwa uvivu, lakini iliinuka.

"Zima."

Maina alipiga usukani kwa kiganja. Mimi nilitazama saa, nikajuta kuitazama. Mama Ryan aliinama, akapitisha mkono kwenye ile nafasi hadi begani, shavu lake limegandamana na chuma, akipapasa mahali asipopaona. Alikuta kona moja ambayo mrija ulikuwa unaipita bila kuigusa. Aliupinda mrija, akauingiza upya, akavuta. Mwanzoni hakikuja kitu. Akavuta tena kwa mikono miwili, na donge zima likatoka kwa mlio ambao sote tuliusikia.

Maina akawasha. Glavu ilitikisika, ikalegea, kisha vidole vikanywea kimoja kimoja na kuzama ndani ya tundu. Injini ilikuwa inavuta pumzi.

Hatukushangilia. Tulimpakia Nyakio tukaondoka, Mama Ryan ameketi mbele na galoni ya oili miguuni, macho kwenye taa za dashibodi. Tulipita njia za ndani za Kawangware. Karibu na Lavington vijana walikuwa wameweka mawe barabarani. Mmoja alisogea dirishani, leso usoni, akamsalimu Mama Ryan kwa lugha ya vijana.

"Niaje, mathee. Mko na mgonjwa kweli?"

"Angalia mwenyewe, mwanangu. Lakini usikawie."

Alichungulia, akamwona Nyakio na mtungi wa oksijeni. Akageuka na kupaza sauti, "Pisha hao! Toeni hizo mawe!" Waliyatoa kwa mikono yao.

Tulifika Parklands mashine ikiwa bado inasubiri. Mlango ulipofungwa nyuma ya Nyakio, nilirudi kwenye maegesho nikamkuta Mama Ryan ameketi kwenye ngazi ya gari, chupa ya maji mkononi haijafunguliwa. Nilimfungulia.

"Nilikuwa naogopa, Debra," alisema. "Ile glavu ilipoinuka mara ya pili, nilijua nimemuua."

Maina alisikia. Akaketi upande wake wa pili, na tukakaa watatu pale mpaka muuguzi wa pale akatoka kutuambia moyo wa Nyakio umetulia.

Maduka yalipofunguliwa, Mama Ryan alilifungua lile bomba kubwa kama inavyotakiwa, akasafisha kila kitu na kuweka mipira mipya. Tangu hapo kila gari letu hupelekwa mwendo mrefu mara moja kwa juma ili injini ipate joto la kutosha, na tangu hapo Maina ndiye husimamia jambo hilo kwa ukali kuliko yeyote.

Mama Ryan, wewe na mumeo mnahamia Siaya, kwenye nyumba ambayo mmeijenga kidogo kidogo. Tunakushukuru kwa magari yaliyofika na kwa watu waliokuwa ndani yake. Tunakushukuru pia kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kuogopa na bado mkono wake ukaenda taratibu. Mungu akupe afya, usingizi mzito, na asubuhi zisizo na haraka. Simu ikilia alfajiri, usishtuke. Ni sisi tu, tumekukumbuka, na magari yote ni mazima.