Jiwe la Kizingiti cha Fundi Chokaa

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Fundi Chokaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika chumba cha nyuma ya ghala la chumvi, akiwa kifungua mimba wa mama yetu, akasoma shule ya msingi iliyo mkabala na forodha kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, kisha akajifunza uashi kwa mjomba, aliyemfundisha kuchoma chokaa na kunyamaza, na hilo la pili halikumwingia kabisa.

Tarehe 5 Juni 1971 alimuoa shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, na kwa kuwa mfukoni hakuwa na kitu, alikwenda kwenye ngome kuukuu, ambayo wakoloni waliijenga kulinda bandari, wakaja kuigeuza jela, na ambayo lango lake lilikuwa limeshaanguka, akaliokota kwenye majani jiwe la kati la tao, lile la juu linaloyafunga mengine, akalibeba kama mahari hadi kwa wakwe, walikopewa vyumba viwili, likawa kizingiti cha mlango wao. Mama mkwe alilipokea kwa vigelegele, maana mumewe aliwahi kupitishwa chini ya lango hilo akiwa na pingu, naye mama akaapa kulikanyaga jiwe hilo kila asubuhi. Watoto wote wanne walijifunza kutambaa wakilivuka.

Malipo ni hapa hapa duniani, kwani mwaka 1994 kaka aliajiriwa kuikarabati ngome ileile, na kazi yake ya kwanza ikawa kupita nyumba kwa nyumba kuomba mawe, ambayo mtaa mzima tulikuwa tumeyafanya mafiga, ngazi na mabanda ya kuku, naye akayadai kwa ukali, mpaka majirani wakamwambia nyani haoni kundule. Alipomwomba mkewe lile la mlangoni, alijibiwa kwamba hiyo ilikuwa mahari, na mahari hairudi mpaka ndoa ivunjike. Basi tao likajengwa likabaki na pengo juu, limeegemezwa magogo, watu wakipita kwa kuinama, na kila wakubwa wa kazi walipomtaka achonge jiwe jipya, alisema lenyewe lipo, ila limekaliwa. Hilo ndilo jambo pekee lililomnyima raha.

Mwaka 2022 kifua kilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, na tarehe 9 Novemba 2023 shemeji, bila kushauriana na mtu, alishika mtaimbo akaling'oa jiwe mwenyewe, akakodi mkokoteni, akampelekea ngomeni, akamwambia mbele ya vibarua kwamba jiwe amempa lakini ndoa haijavunjika, na kwamba sasa anayetaka apite hapo kichwa juu. Kaka alisimamia kazi akiwa kitini, jiwe likapachikwa, magogo yakatolewa, tao likasimama, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alifariki nyumbani tarehe 2 Desemba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, vibarua wenzake, na majirani mliorudisha mawe, hata yule wa banda la kuku, aliyerudisha nusu.

Tukirudi nyumbani kutoka makaburini, tafadhali angalieni mnapokanyaga mlangoni, pana shimo, na shemeji amekataa lizibwe.

Lala kwa amani, kaka, lango limeshika.