Aliyeuliza Swali la Kwanza: Dakta Khamphun Inthasen, 1952–2019

Ndugu, majirani na walimu mliofika leo Jumapili, marehemu Dakta Khamphun Inthasen alikuwa mdogo wake mama yangu, yaani mjomba wangu. Alinikabidhi mwenyewe kazi ya kusoma wasifu huu na akanikataza kumpamba. "Rattiya, ukinisifia tu nitafufuka nije nikukosoe," alisema. Kwa hiyo nitayasema kama yalivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 hapa hapa kijijini, wilaya ya Kosum Phisai, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Suk na Bibi Buakhai. Bibi alikuwa akichachusha samaki wa mtoni katika mitungi nyuma ya nyumba, na mtoto huyu alishinda akifunua mifuniko ili aone kinachotokota mle ndani. Alichapwa kwa hilo zaidi ya mara moja.

Alisoma shule ya kijiji, kisha sekondari mjini Mahasarakham. Alipata shahada ya elimu ya vijidudu Bangkok mwaka 1975 na shahada ya uzamivu ya elimu hiyo nchini Japani mwaka 1983. Mwaka huo huo, mwezi Juni, alianza kufundisha chuo kikuu cha mkoani, akabaki hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Septemba 2012.

Katika idara yao kila Jumatano mtu mmoja husimama na kueleza utafiti wake. Zamu ya Mjomba ilifika tarehe 18 Novemba 1987. Alieleza kijidudu alichokipata katika mtungi wa Bibi, ambacho kingeivisha samaki kwa nusu ya muda. Ilikuwa kazi ya miaka minne. Bibi alikuja na basi la asubuhi, akakaa mstari wa mbele na sketi mpya ya hariri, haelewi neno, anatabasamu tu. Kati ya picha za sahani za kuoteshea vijidudu zilizoonyeshwa ukutani palikuwa na ile ya sahani tupu, sahani ambayo makusudi haipandwi kitu, ili usafi wake uthibitishe zile nyingine. Haikuwa safi. Kijidudu kile kile kilikuwa kimeota humo, maana kilitoka katika tangi la maji la maabara, si katika mtungi. Mjomba hakuiona. Wenzake wote waliiona. Msimamizi akauliza kama kuna swali, pakawa kimya, wakapiga makofi, wakaenda kula.

Miaka miwili baadaye, kazi ikiwa imeshachapishwa, aligundua mwenyewe. Akamwendea mkuu wa idara, hayati Profesa Sanguan.

"Mliiona lini?"

"Siku ile ile."

"Na mkanyamaza?"

"Sasa tungesemaje, Khamphun? Mama yako kakaa pale mbele na sketi yake mpya."

Mjomba aliliandikia jarida barua, akaomba makala yake ifutwe. Tangu hapo hadi anastaafu hakuacha muhadhara upite bila mkono wake kuwa wa kwanza juu, na swali lake lilikuwa moja: "Sahani tupu iliota nini?" Uwe mwanafunzi, uwe mgeni wa kutoka Osaka, alikuuliza. Wanafunzi walikuwa wakichungulia mlangoni kabla ya zamu zao.

"Mzee wa Sahani yupo?"

"Yupo, kashakaa."

"Basi leo nimekwisha."

Wengi aliwaokoa na aibu kubwa zaidi. Lakini ukweli ni mchungu, na yeye aliugawa kila Jumatano. Kiti cha kushoto kwake na cha kulia vilibaki wazi miaka yote hiyo. Muhadhara ukiisha, kila mtu akipewa kiboksi chake cha vitafunio, Mjomba alikwenda na chake kwenye gari.

Hakuoa. Alimchumbia Bi. Saowanee wa maktaba, na siku moja Bi. Saowanee akamuuliza kama anampenda. Mjomba akajibu, "Nikilinganisha na nini?" Mwishowe aliolewa na mtu mwingine, mjini Udon Thani. Mjomba alituhadithia kisa hicho akicheka, ila alikihadithia mara nyingi mno.

Novemba mwaka jana alianza kuwa na manjano machoni. Daktari alituita Mama na mimi kwenye korido ya hospitali, akatuambia ni saratani ya mirija ya nyongo. Tulimsihi asimwambie mgonjwa. Mjomba tulimwambia ni vidonda vya tumbo. Katikati ya Februari nilikuwa nikimmenyea balungi.

"Rattiya, mliiona lini?"

"Nini, Mjomba?"

"Usinizungushe, mtoto wewe."

"Novemba."

"Na mkanyamaza."

"Tungesemaje, Mjomba?"

Alichukua kipande cha balungi, akakaa nacho mkononi. "Mama yangu hajakaa mbele leo," alisema. Nilimpenda mjomba wangu, na nilimfanyia jambo lile lile lililomuumiza maisha yake yote. Naona aibu kulisoma hili mbele yenu, lakini alitaka liandikwe.

Alifariki alfajiri ya Jumanne tarehe 12 Machi 2019, nyumbani kwa Mama, akiwa na umri wa miaka 66. Ameacha dada mmoja, Bi. Thongyot, ambaye ni mama yangu. Mpwa mmoja, ambaye ni mimi. Na mitungi mitatu ya samaki ambayo hakuna ajuaye kama imeiva. Mke na mtoto hakuwa nao.

Aliacha agizo moja. Kabla hamjaweka maua, niulize kama kuna swali, kisha ningoje. "Usiwahurumie," alisema. Nitaanza mimi, kwa sababu nilisoma katika idara ile miaka minne, nikakaa mstari wa nyuma, na sikukaa karibu naye hata Jumatano moja. Mjomba, ulikuwa unakula na nani?

Upumzike salama.

Ndugu zangu, kuna swali? Nangoja.