Aliyeipa Sauti Njia

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu fundi mkuu wa mtandao wa hospitali yetu anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Wengi tunamwita Mama Foleni. Kiti chake nitakikalia mimi ninayeandika haya, na tangu nipewe taarifa nina hofu.

Alianza kwa kutambaa juu ya dari akivuta nyaya za simu, akishuka na utando wa buibui kichwani. Zahanati za mbali zilipounganishwa na madaktari wetu kwa video, akapewa kazi iliyomzalia jina. Sauti na picha husafiri zikiwa zimekatwa vipande vidogo vidogo, na njia yetu ni nyembamba. Ikijaa, lazima kuwe na wa kupita na wa kungoja. Mama Foleni alipanga sauti ipite kwanza.

Lawama hazikukosekana. Daktari bingwa mmoja, ambaye uso wake uliganda kwenye skrini jicho moja limefumba kama aliyelamba ndimu, alikuja juu kulalamika. Mama Foleni alimjibu kwa adabu zote kwamba uso wake ni mzuri, ila hautibu mtu.

Kisha wakaja wageni wa heshima. Utawala uliagiza picha itangulizwe siku hiyo ili ing'ae, naye akatii shingo upande. Wageni wakiwa wamesimama mbele ya skrini, mkunga wa zahanati moja akapiga: mzazi anavuja damu. Picha ilikuwa safi ajabu. Midomo ya daktari tuliiona ikicheza, lakini sauti ilifika imekatikakatika, na mkunga akawa anarudia kwamba hasikii, hasikii kabisa. Mama Foleni hakuomba ruhusa ya mtu. Alirudisha sauti mbele, picha ikaganda, wageni wakatazamana, na maelekezo yakafika yote. Mama na mtoto walipona. Yeye aliitwa ofisini akafokewa, akarudi kuendelea na kazi.

Anatuachia zahanati kumi na nne zinazosikika vizuri na vijana aliowafundisha kwa ukali wenye mapenzi. Lakini wageni watakuja tena, agizo litatolewa tena, na safari hii litanikuta mimi. Juzi nilimuuliza hofu hii itaniisha lini. Aliniambia, mwanangu, yangu haijaisha mpaka leo. Siku hofu yako ikiisha, mwachie mwingine kiti.

Ahsante, mama, kwa niaba ya wote, pamoja na wasiojua kwamba uliwahi kuwahudumia. Tunakutakia afya njema, wajukuu watundu na usingizi wa kutosha. Simu yetu ikiita huko nyumbani usishtuke, tutakuwa tunakusalimu tu. Tunamwomba Mungu iwe salamu tu.