Mama Kashindye na Nukta Nyekundu ya Boti Yetu

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Justa Kashindye anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Vifaranga vya Samaki kwa miaka thelathini na miwili. Wengi wetu hatujawahi kufanya kazi hapa siku ambayo yeye hakuwepo, na mlinzi wa getini amekiri kwamba hajui asubuhi itaanzaje bila salamu yake.

Aliajiriwa mwaka 1993 kama mhudumu wa mabwawa, akilisha vifaranga vya sato na kufukuza ndege wavuvi kwa kopo lenye mawe. Baadaye akahamishiwa stoo, na huko ndiko alikoweka makao. Stoo ya Mama Kashindye ina utaratibu wake. Anayetaka hata msumari mmoja husema kwanza shikamoo, kisha anaeleza msumari huo unakwenda kupigiliwa wapi. Tulinung'unika, lakini chakula cha samaki hakikuwahi kutuishia mikononi mwake, hata ule mwaka barabara zilipokatika kwa mvua.

Sifa yake nyingine ilianza kama mchezo. Miaka michache iliyopita, katika duka la simu za mitumba pale Mabatini, aliona ubao mdogo wa kijani unaoenea kiganjani. Muuzaji alimwambia kwamba hiyo ni kompyuta kamili. Ukiiunganisha na luninga na kibodi, inafanya kazi. Mama Kashindye alidhani anataniwa. Akainunua ili aje amsute vizuri. Jioni ile, nyumbani kwake Igoma, luninga ikawaka na kumwonyesha kompyuta, naye akasahau mboga jikoni mpaka zikaungua.

Tangu hapo hakushikika. Alijifunza kwa video za kwenye simu na kwa kumsumbua fundi redio mmoja wa Mirongo, ambaye sasa humwita mwanafunzi wake mkaidi. Kikompyuta cha kwanza alikipa kazi ya kulinda joto la mashine yake ya kutotolea vifaranga vya kuku. Cha pili kilimpigia nyimbo za kwaya alfajiri, hadi majirani wakaomba apunguze sauti. Cha tatu alikileta kazini na kukifunga kwenye birika kubwa la kantini, kiseme kwa sauti yake pindi maji yanapochemka. Kilifanya hivyo kwa uaminifu, hata siku tulipokuwa na wageni kutoka Dodoma. Mkuu wa msafara akiwa katikati ya hotuba, birika likatangaza: "Chai tayari, wanangu! Njooni kabla Okal hajaimaliza!" Okal, mhudumu wetu wa vizimba vya kufugia samaki ziwani, alitamani ardhi ipasuke. Wageni walicheka, hotuba ikafupishwa, na chai ikanywewa ikiwa moto.

Halafu akaigeukia boti. Kila tulipopeleka vifaranga kwa wafugaji wa visiwani, yeye ndiye aliyebaki akisubiri kupokea makreti matupu yaliyorudi, na kila tulipochelewa alikuwa akisimama ufukweni na kuuliza wapita njia kama wametuona. Akachoka kuuliza. Alitia kikompyuta ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na betri, laini ya simu na kifaa cha kupokea ishara za setilaiti, akakifunga chini ya kiti cha mbele. Kwenye luninga kuukuu ya kantini ikatokea ramani ya ziwa, na juu yake nukta nyekundu iliyosogea popote boti iliposogea. Tulimtania sana. Shimba, dereva wa boti, alilalamika kwamba sasa hawezi hata kusimama njiani kununua dagaa bila ofisi nzima kujua.

Machi mwaka jana utani ule uliisha. Tulikuwa watatu botini: Shimba, Okal, na mimi ninayeandika haya. Tulikuwa tunarudi mchana kutoka upande wa Ukerewe wakati mvua ya upepo ilipotushika. Wimbi moja likaingia lote ndani, injini ikakohoa, ikazima. Simu zetu zilikuwa zimezama kwenye maji botini, na viatu vyetu vikielea juu yake. Shimba alivuta kamba ya injini mpaka kiganja kikachubuka. Okal na mimi tulichota maji kwa ndoo. Nilijua kwamba nchi kavu iko mahali fulani, lakini pande zote ilikuwa mvua tupu, na kopo lile chini ya kiti halikunijia akilini hata kidogo.

Yaliyotokea kantini nimesimuliwa na waliokuwepo. Kwa kuwa tulichelewa na simu zetu hazikupatikana, boti ya jirani zetu wavuvi ilikuwa imekwisha kutoka kututafuta kwenye njia yetu ya kila siku. Mama Kashindye alikuwa mbele ya luninga.

"Hawako huko," alimwambia mkurugenzi wetu, Bw. Yakobo. "Upepo umewatupa. Tazama, wanasukumwa kwenye miamba."

"Una hakika, mama?"

"Mimi mwenyewe sina hakika, baba. Kidude kina hakika. Waambie wageuze!"

Bw. Yakobo akapiga simu. Wavuvi wakageuza. Mara nukta ikapotea. Mama Kashindye alipiga magoti pale sakafuni, mkono mmoja juu ya meza ya chai, akasali kwa Kisukuma. Nukta iliporudi, ilikuwa karibu zaidi na miamba, na Bw. Yakobo akawa anawaelekeza wavuvi kwa simu.

Sisi tulisikia injini kabla hatujaona chochote. Okal aliangusha ndoo, akaanza kulia kama mtoto, nami nikalia naye. Mvuvi wa mbele alipotutupia kamba, alifoka: "Nyie watu, mna mama huko nchi kavu! Ametusumbua!"

Tulipofika, Mama Kashindye alitusubiri na mablanketi ya stoo. Alitushika nyuso mmoja mmoja, kisha akamgombeza Shimba kwa kutovaa koti la mvua. Siku ya pili mke wa Shimba, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, alikuja stoo kushukuru. Mama Kashindye akawa anafuta tu machozi kwa khanga.

Tangu siku ile kila boti ya kituo ina kopo lake, na wavuvi wale nao wamekuja kuomba. Ametengeneza yote kwa mkono wake, na ametufundisha wanne namna ya kuyatunza.

Kamati ya maandalizi ilipomuuliza anataka zawadi gani, tulitegemea kabati au friji. Akasema anataka kupanda boti. Hapo ndipo tulipojua kwamba katika miaka yote hii hakuwahi kuvuka ziwa, kwa sababu analiogopa. Ijumaa iliyopita alivaa maboya mawili, akaketi katikati, akamshika Okal mkono mpaka vidole vikafa ganzi. "Shimba, polepole," alisema tangu gatini mpaka vizimbani. "Mimi ni mtu wa nchi kavu." Tulipozima injini aliinama, akagusa maji kwa ncha za vidole.

Tuliporejea alikanyaga mchanga, akavua yale maboya, akashusha pumzi.

"Nimepaona mnapokwendaga," alisema. "Sasa naweza kupumzika."

Pumzika, Mama. Sisi watatu tuko hai kukuambia asante kwa midomo yetu wenyewe, na wenzetu wote wanaungana nasi. Afya iwe nawe, nyumba yako ijae wajukuu na kicheko, na siku zako mbele ziwe tulivu na njema.

Hellen Agutu,
Idara ya Afya ya Samaki, kwa niaba ya wafanyakazi wote